Majani ya Segutiet

Riverdale Park, Maryland
6 Julai 2025

Kaka yangu Kipkemboi,

Chamge. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya huko jela inakatwa baada ya dakika kumi na tano, na mimi unanijua, dakika kumi na tano ni za salamu tu.

Mume wangu alitoka hospitali jana. Mume wangu! Nimeolewa wiki tano na bado nikiliandika neno hilo narudi kulisoma kwa furaha. Taya lake limefungwa waya juu na chini, kwa sababu ulilivunja mahali pawili. Meno matatu hayapo. Mkono wa kushoto umetiwa vyuma. Anakunywa uji kwa mrija, kaka, na katikati ya uji ananikonyeza kwa lile jicho moja linalofunguka. Nani mwingine ana mume kama huyo?

Nataka usome nilichokiona mimi, maana polisi waliandika walichoambiwa. Ilikuwa Jumapili, tarehe 22 Juni, ibada imekwisha. Nilikuwa nimeinama kando ya gari pale uwanjani mwa kanisa, tumbo limenikamata kama mtu anayekamua nguo. Mume wangu Venuste alikuwa amenishika mgongo. Ukaja kutoka kwenye buti la gari lako na spana ya gurudumu. Ukamwita mlisha sumu, watoto wa shule ya Jumapili wanasikia. Pigo la kwanza lililia kama tawi kavu. La tatu likamlaza chini. Ukamkalia kifuani, ukaendelea. Halafu ukamkata mkononi yale majani ya segutiet tuliyofungiana siku ya harusi kama walivyofungana babu na bibi yetu kogo, ukayatupa kwenye lami.

Hakurudisha hata ngumi moja. Mkono wake mzima ulikuwa umenyooka kunizuia mimi nisisogee.

Najua aliyekuchochea ni Mama Anitha wa kanisani. Ndiye aliyeliona lile duara jekundu nyuma ya bega langu, akakwambia ni chale, kwamba mume wangu ananichanja na kunilisha vitu. Jumapili iliyopita nilimkuta jikoni kanisani akimenya viazi. Nilimzaba kofi lililomvua wigi, wigi likatua kwenye sufuria. Pasta amenisimamisha ushirika mwezi mzima. Sijutii.

Kaka, Venuste ni asali. Kabla hujamvunja mkono alikuwa ananichana nywele. Mwandikie hakimu kwamba ulikosea. Nakuomba kwa jina la baba.

Dadako mwenye furaha na mwenye huzuni,
Jepkosgei


Upper Marlboro
15 Julai 2025

Jepkosgei,

Usiniandikie habari za kukonyezana. Hapa barua zinasomwa na walinzi kabla yangu.

Baba alipokufa aliniachia vitu viwili, lile shamba na wewe. Shamba niliuza ili nikulete Marekani. Umekaa nyumbani kwangu Rockville miaka mitatu na sikukusikia hata siku moja ukisema tumbo linauma. Umeolewa na yule wa Bukavu, wiki ya pili unajikunja kama kamba, una duara mgongoni ambalo hukuzaliwa nalo. Mimi si daktari. Lakini ng'ombe akiugua siku ile ile aliyobadilishiwa malisho, huulizi nyota. Unauliza malisho.

Nilipiga mara sita. Nilihesabu. Wasingenivuta wale wazee wa kanisa zingekuwa saba, na ya saba nilikuwa nimeiwekea kichwa.

Hapa si pabaya kama wanavyosema wala si pazuri. Juzi mtu aling'atwa sikio kwa ajili ya kiti cha mbele ya televisheni, kipande kikabaki sakafuni mpaka chakula cha mchana. Mimi nimepigana mara mbili. Mara ya kwanza na kijana mmoja wa kizungu, Ethan, tuliyefungwa naye chumba kimoja. Alinitoa damu puani. Mara ya pili nilimtoa yeye. Sasa tunacheza karata.

Yale majani niliwafungisha mimi, na mimi nikayakata. Kwangu hujaolewa. Toka kwenye nyumba ile. Usile chochote ambacho hukukipika wewe. Jaji amenikataza kumwandikia mumeo hata neno, kwa hiyo hili ni lako tu: siku moja nitatoka.

Kipkemboi


Riverdale Park
2 Agosti 2025

Kaka,

Nimekasirika na barua yako, nikaichana, kisha Venuste akaiunganisha kwa utepe. Akaandika kwenye kile kidaftari chake, maana bado haongei: "Ni ya kaka yako. Iweke." Unaona mtu niliyempata?

Sasa keti. Lile duara lina jina. Kazini kwetu, kwenye nyumba ya wazee, kuna muuguzi mkuu anaitwa Lorraine, mama wa makamo asiyecheka. Mwezi uliopita nilikuwa nabadilisha sare, akaniona.

"Hebu geuka," akasema. "Nani amekufanyia hii?"

"Watu wanasema ni chale."

"Chale nini? Hii ni kupe."

Nikacheka mpaka nikashika kabati. Kupe? Mimi niliyekua nikimsaidia baba kuogesha ng'ombe kila Alhamisi? Nikamuuliza kama kupe wa Marekani wanakula watu. Akasema, "Wanakula watu vizuri sana, dada. Vaa uende hospitali."

Damu ikapimwa. Ni ugonjwa wa Lyme. Unaletwa na kupe mdogo kama mbegu ya ufuta, anakuuma wala husikii, kisha duara linatokea. Hakuna chale, kaka. Hakuna mchawi. Nimemeza antibiotiki wiki tatu. Magoti yalikuwa yamevimba kama viazi vitamu, sasa yanapungua. Na kila jioni Venuste ananikagua kwa tochi kama baba alivyokuwa akikagua ng'ombe, nyuma ya masikio, nyuma ya magoti, kwenye kwapa. Anatafuta kupe kwa bidii kubwa hata pale ambapo kupe hawezi kufika. Nisiseme zaidi, walinzi wanasoma.

Kupe alitoka wapi, hata daktari hajui. Huku wamejaa, hata bustanini.

Tumbo bado. Sitakudanganya. Walinitia kamera kooni, wakanipiga picha, wakapima kinyesi na damu. Wameuliza kuhusu sumu pia, kwa sababu yako, nao hawakuona sumu. Hawakuona chochote. Daktari wa tumbo anasema Lyme yenyewe haitoshi kueleza maumivu ya namna hii. Yanakuja kama mtu ameingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na anazungusha. Juzi yalinikuta kwenye foleni dukani, nikaanguka na mayai. Daktari akasema, "Una bahati, hatujaona kitu kibaya." Nilitaka kumtemea mate. Nilitaka waone kitu, hata kibaya, nikipe jina nikichukie.

Lakini siyo Venuste. Sema siyo Venuste.

Wako,
Jepkosgei, mke wa mtu


Upper Marlboro
12 Agosti 2025

Dada,

Mwandiko ni mbaya kwa sababu vidole viwili vya kulia vimevunjika. Nitakwambia jinsi vilivyovunjika.

Unasema kupe wa bustanini. Unakaa ghorofa ya tatu, dirisha linatazama barabara na duka la matairi. Bustani gani? Nikamsomea Ethan barua yako. Huko nje kazi yake ni kukata nyasi za watu.

Akasema, "Hilo duara hutokea wiki moja au mbili baada ya kuumwa. Aliingia kwenye nyasi ndefu?"

Nikamwambia hapana. Nikalala kitandani nikatazama dari. Halafu nikahesabu kurudi nyuma.

Tarehe 31 Mei, asubuhi ya harusi. Maryland hakuna segutiet, zile nyasi za kwetu za kufungia ndoa. Pasta alisema utepe unatosha, Mungu anaangalia moyo. Mimi nikasema bila majani hiyo si ndoa ya kwetu, ni sherehe ya keki. Nikawapeleka kando ya kijito kule nyuma ya viwanja vya mpira, ambako nyasi zilifika kifuani. Nikakwambia, ingia uchague mwenyewe nyasi za kuwa segutiet yenu. Uliingia umeinua kanga, unaimba. Nyasi zilikuwa zimelaliwa na kulungu, na mavi yao yalikuwa mabichi. Mtoto wa mfugaji nikayaona mavi ya mnyama kwenye nyasi, nikapita kama mtu wa mjini.

Ulijua. Ndiyo maana ukaandika bustani. Usinifiche tena kama mtoto.

Niliupiga ukuta ngumi mpaka Ethan akaniita mwendawazimu na kuita walinzi. Hivyo ndivyo vidole vilivyovunjika.

Kwa hiyo duara ni langu. Nimekubali. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba tumbo si la kupe. Basi tumbo ni la nani? Kuna mtu analifanya, na anayekupikia ni mmoja. Hospitali haiwezi kuona kila sumu. Duara limenitoka mkononi, tumbo halijanitoka.

Sasa sikiliza vizuri. Wakili wangu, Cheryl, anasema nikipewa kifungo cha mwaka au zaidi nitarudishwa Kenya na sitarudi tena huku. Chini ya mwaka kuna matumaini. Anasema njia ni moja: wewe usimame mbele ya jaji tarehe 16 Oktoba, useme maumivu yalianza baada ya harusi, na kwamba kaka yeyote mwenye akili angeogopa hivyo. Ni hilo tu. Sikuombi uongo. Yalianza baada ya harusi, sivyo?

Kipkemboi


Riverdale Park
25 Agosti 2025

Shemeji Kipkemboi,

Ni mimi Venuste. Wewe bamekukataza kuniandikia, lakini mimi hakuna mutu amenikataza. Taya imefunguliwa, ila kuandika ni rahisi kuliko kusema. Kiswahili yangu ni ya Bukavu, utanivumilia.

Nilikuwa na miaka tisa. Jirani yetu, mama mumoja mwenye tulikuwa tunakula naye sahani moja, alianza kuumwa tumbo. Akakonda. Akatapika damu. Watu bakasema ni mama wangu amemupa karuho. Karuho ni ile sumu ya kwetu, kila mutu anaiogopa na hakuna mutu ameiona. Siku ya soko bakakuja. Hawakuwa watu wageni, shemeji. Mumoja alikuwa amenifundisha kuendesha kinga, ile baiskeli. Balimupiga mama mawe kwenye mulango wa nyumba yetu mpaka mulango ukabadilika rangi. Mimi nilikuwa chini ya kitanda, ninaona miguu tu. Niliona miguu yake ikiacha kusukuma.

Jirani alikufa kisha mwezi mbili. Docteur akasema ilikuwa kansa ya tumbo. Hakuna mutu alikuja kutuambia pole.

Ndio maana pale kanisani sikukupiga. Nina mikono, nimebeba magunia ya saruji miaka kumi. Lakini uliposema ile neno, mlisha sumu, nilirudi miaka tisa, nikakuwa chini ya kitanda. Spana iliniumiza mfupa. Mfupa inapona.

Mbele ya jaji sitaomba ufungwe sana, na sitaomba bakufungue. Nataka kitu kimoja. Ile neno ulitoa mbele ya watu. Uirudishe mbele ya watu.

Muke wangu ana kitu cha kukuambia. Aliniambia mimi wiki imepita. Nilimukasirikia siku moja. Siku moja tu, na ile siku nilimupikia vilevile.

Venuste


Riverdale Park
30 Agosti 2025

Kaka,

Nimeanza barua hii mara nne. Nne zote nilianza na jinsi ninavyompenda Venuste, kwa sababu nikiandika hayo mkono unakwenda wenyewe. Leo naanza na lenyewe.

Tumbo lilianza Januari. Nyumbani kwako, Rockville, kabla hata hajaleta barua ya posa.

Unakumbuka ulivyonigombeza kuhusu bomba la bafuni? "Unaoga au unamwagilia shamba?" Nilikuwa nimelala sakafuni, nimefungua maji ili usinisikie. Nilikuwa nang'ata ile taulo ya kijani mpaka ikatoboka. Uliilaumu mashine ya kufulia. Ulisema kweli, hukunisikia hata siku moja. Nilijitahidi usinisikie.

Ungeahirisha harusi. Ungenizungusha kwa madaktari mwaka mzima, na wale mama wa kanisa wangesema nina mimba. Venuste alikuwa ananisubiri kwenye kituo cha treni kila jioni na ua moja la dukani, na mimi sikutaka kuwa mgonjwa. Nilitaka kuwa bibi harusi. Nikaona nikishaolewa litanyamaza. Naye sikumwambia. Baada ya harusi nikashindwa kuficha, kwa sababu nyumba yetu haina bafu lenye mlango unaofunga.

Pale kanisani ulipomkalia kifuani nilipiga kelele nyingi. Nilisema mwache, nilisema Yesu, nilimwita baba. Neno moja lingekushika mkono, na sikulisema. Januari. Ulipiga mara sita, na kati ya moja na nyingine palikuwa na nafasi ya kulisema. Hata pigo la mwisho lilipotua nililibana. Niliogopa Venuste asikie kwamba alioa mgonjwa. Ndivyo nilivyo, kaka. Nilimwacha avunjwe taya ili asijue.

Najua sasa kwamba ukweli wangu unakurudisha Kenya. Wakili wako akinisimamisha na kuniuliza yalianza lini, nitasema Januari. Nitalia, lakini nitasema. Nikisema baada ya harusi, itabaki kwenye karatasi za mahakama maisha yote kwamba huenda mume wangu alinilisha sumu, naye ana mama aliyekufa kwa karatasi ya namna hiyo hiyo ambayo hata haikuandikwa.

Nipige mimi. Ukiwa na la saba, ni langu.

Jepkosgei


Upper Marlboro
18 Oktoba 2025

Dada,

Ulikuwepo, kwa hiyo sitakusimulia uliyoyaona. Nitakwambia usiyoyaona.

Barua yako ya Agosti niliisoma mara moja, nikampa Ethan aishike kwa sababu nilitaka kuimeza. Wiki mbili nilikuchukia. Nilikupiga kichwani mwangu kwa kila kitu kilichomo humu, kuanzia viti. Ethan alikuwa akinipisha. Siku moja akaniuliza, "Hivi ulipokuwa unampiga yule jamaa, ulikuwa unataka tumbo la dada yako lipone?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na lilipona?" Nikamrushia karata usoni.

Cheryl aliponijia mara ya mwisho nilimwambia asikuite. Akasema natupa nafasi yangu ya pekee. Nikamwambia dadangu hatasimama mbele ya wazungu kutaja bafu. Nitasimama mimi.

Ulivaa lile gauni la njano. Niliona umeshika mkono wa Venuste ule wenye kovu. Jaji aliponiuliza kama nina la kusema, nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi kuhusu baba na shamba. Nikageuka nikamtazama mumeo, nikasema, "Huyu hakumlisha mtu sumu. Nilisema uongo mbele ya watu, nikampiga kwa uongo huo. Tumbo la dadangu liliuma nyumbani kwangu kabla hajaposwa." Mkalimani akatafsiri. Nyuma kulikuwa na watu wa kanisa, hata yule Mama Anitha na wigi jipya. Nilitaka wasikie kwa Kiswahili kwanza.

Mumeo alifumba macho. Hakuniitikia kwa kichwa wala hakutabasamu. Haikumpasa.

Nimepewa miezi kumi na minane. Kisha nirudishwe kwetu Eldoret. Si vibaya sana, kule segutiet inaota hata kando ya choo.

Nimezoea kuuliza ni nani. Nimeuliza hivyo tangu baba alipokufa, na kila mara nilipata mtu wa kumpiga. Leo nauliza kitu kingine tu. Tumbo linaendeleaje?

Kaka yako,
Kipkemboi


Riverdale Park
2 Novemba 2025

Kaka,

Linauma. Limeanza alfajiri ya leo na sasa ni saa sita mchana. Naandika nikiwa nimelala sakafuni jikoni, shavu kwenye vigae kwa sababu ni vya baridi. Venuste amelala upande wa pili wa vigae, tunatazamana kama watoto. Sitafungua bomba tena. Leo nimepiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga kwa ufagio, na Venuste akagonga sakafu kumjibu.

Daktari mpya ana mpango mpya. Chakula hiki ndiyo, kile hapana, dawa ya kutuliza mishipa, nirudi Januari. Nimemuuliza nitapona lini. Akasema hajui. Nilimpenda kidogo kwa kusema hivyo.

Venuste amenunua mchaichai kule dukani, ule uliofungwa kwa mpira, umeoshwa, hauna hata kupe. Ni mrefu kama segutiet na unanukia chai. Jana tumefungana tena, mimi mkono wake ule wenye vyuma, yeye wangu. Hatukuwa na mzee wa kutusimamia. Alitaja jina lako badala yake, kwa lile taya ambalo bado linalia likifunguka. Sikumwambia ataje.

Linauma, kaka. Hakuna aliyenifanyia. Linauma tu.

Jepkosgei